Anayejifunza LabVIEW Anahitaji Mtu wa Kuusoma Mchoro Wake

Mwezi uliopita binti wa dada yangu, anayesoma uhandisi wa elektroniki mwaka wa pili hapa Dodoma, alikuja nyumbani kwangu Nkuhungu akiwa na kompyuta mpakato na daftari lililojaa maelezo. Baada ya shikamoo na marahaba, hakupoteza muda. "Mjomba," alisema, "nimepakua video zaidi ya 60 za LabVIEW na vitabu viwili, nimeangalia karibu zote, lakini nikifungua ukurasa mtupu mkono hauendi. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa ufupi siku ile, kwa sababu kiza kilikuwa kimeanza kuingia na alitakiwa kuwahi hosteli, lakini swali lake lilistahili jibu refu kuliko nililompa. Jibu lenyewe ndilo hili, na nimeliandika hapa kwa kuwa najua si yeye peke yake anayeuliza.

Tunazungumzia uandishi wa programu kwa michoro, na hasa LabVIEW, ambayo ndiyo niliyoitumia kwa miaka mingi katika kazi yangu ya vipimo. Programu hii ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1986 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, ikitengenezwa na kampuni ya National Instruments ya Austin, Texas, ambayo James Truchard, Jeff Kodosky na Bill Nowlin waliianzisha mwaka 1976. Kodosky ndiye anayeitwa baba wa LabVIEW, na lugha inayochorwa ndani yake huitwa G. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilinunuliwa na Emerson. Nayataja haya kwa sababu ya matumizi: anayetafuta masomo atakutana na vitu vya zama tofauti vyenye majina tofauti, naye asipojua historia atachanganyikiwa. Ukiona somo lililoandikwa kwa ajili ya LabVIEW NXG, liache. Hilo lilikuwa toleo la kizazi kipya ambalo kampuni yenyewe iliamua kusitisha kuliendeleza, na sura yake haifanani na ile utakayokuwa nayo mbele yako. Kwa upande mwingine, somo la LabVIEW ya kawaida la miaka kumi na mitano iliyopita bado linafaa kwa sehemu kubwa, maana misingi ya lugha G haijabadilika.

Msingi wenyewe ni mtiririko wa data. Katika lugha za maandishi, kompyuta husoma mstari wa kwanza, ikashuka wa pili, ikashuka wa tatu. Katika G hakuna mistari. Kuna visanduku vilivyounganishwa kwa waya, na kila kisanduku hufanya kazi pale tu kinapokuwa kimepokea thamani zote kinazozihitaji. Huwa nawaeleza wanaoanza wafikirie daladala linalosubiri abiria pale stendi: haliondoki kwa sababu limetangulia kufika, linaondoka kwa sababu limejaa. Kisanduku kilichochorwa kushoto kabisa kinaweza kuwa cha mwisho kufanya kazi ikiwa waya wake mmoja unasubiri thamani kutoka mbali, na visanduku viwili visivyounganishwa kwa waya wowote vinaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Rangi za waya zinakwambia kinachopita ndani yake: rangi ya chungwa ni namba zenye desimali, buluu ni namba nzima, kijani ni ndiyo au hapana, na pinki ni maandishi. Mtu aliyezielewa sentensi hizi chache, akazielewa kweli na si kuzikariri, amevuka nusu ya kozi ya kwanza.

Tatizo ni kwamba mchoro unadanganya macho. Ukiangalia mchoro uliokwisha kuchorwa na mtu mwingine, unauelewa upesi, kwa hiyo unaamini kwamba nawe ungeweza kuuchora. Video zote za mpwa wangu zilikuwa za namna hiyo: mtu anavuta kisanduku, anaunganisha waya, anabonyeza mshale wa kuendesha, na mambo yanakwenda. Hakuna video hata moja iliyomwonyesha mtu amekwama. Ni kweli kwamba ukiunganisha waya wa pinki mahali panapotaka buluu, waya hukatika, mshale wa kuendesha huonekana umevunjika, na programu hukataa kabisa kuanza. Hilo ni kosa jepesi, kwa kuwa linajitangaza lenyewe. Kosa zito ni la programu inayoanza vizuri, inayoonyesha namba zinazobadilika kwenye skrini, na ambayo hata hivyo inasema uongo.

Nieleze la kwangu, kwa sababu ndilo lililonifundisha namna ya kuchagua mafunzo. Baba yangu mdogo analima zabibu na hukamua divai kidogo kila msimu. Juisi ya zabibu inapochachuka hutoa joto lake yenyewe, na ikipanda sana, kuanzia nyuzi 35 hivi kwenda juu, hamira huanza kudhoofika na uchachukaji unaweza kusimama katikati. Nikaamua kumtengenezea kipimo cha matangi mawili. Nilitumia bodi ndogo ya kielektroniki iitwayo Arduino Uno na vihisi viwili vya joto vya LM35, kila kimoja kikiwa kimefungwa ndani ya mrija wa chuma cha pua uliozibwa upande wa chini. LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo kwenye nyuzi 30 unasoma volti 0.30. Arduino Uno huigawanya volti 5 katika ngazi 1024, yaani kila ngazi ni karibu milivolti 4.9, ambayo ni takriban nusu nyuzi. Kwa tangi la divai, nusu nyuzi inatosha.

Nilichora vitanzi viwili, yaani sehemu za mchoro zinazojirudia tena na tena, kila tangi na kitanzi chake, na dakika ya kwanza tu feni ya kompyuta ilianza kuvuma kama mashine ya kusaga. Ilikuwa Agosti, upepo wa Dodoma ukipuliza vumbi hadi ndani ya stoo, na nilidhani kompyuta imeingia vumbi. Sababu ilikuwa kwamba sikuwa nimeweka kisanduku cha kusubiri ndani ya vitanzi. Kitanzi kisichoambiwa kisubiri huzunguka kwa kasi yote ambayo kichakato kinaweza kutoa, kikipima joto la tangi ambalo kwa saa nzima hubadilika kwa nyuzi moja tu. Niliweka kusubiri kwa milisekunde 1000 na feni ikanyamaza.

Kosa la pili lilinichukua majuma mawili. Kila joto lilipovuka nyuzi 32, programu ilitakiwa kupiga kengele na kuongeza moja kwenye hesabu ya tahadhari, na hesabu hiyo ilikuwa moja kwa matangi yote mawili. Baba mdogo, ambaye haamini mashine mpaka imthibitishie, alikuwa akiandika kila kengele kwenye daftari kwa kalamu. Daftari lilisema 11 na skrini ikasema 9. Nilikagua vihisi, nikabadilisha waya, nikamshuku hata mzee mwenyewe, Mungu anisamehe. Hatimaye nilimtumia mhandisi mmoja wa Dar es Salaam picha ya mchoro wangu, mtu aliyenizidi umri na uzoefu. Akajibu siku hiyohiyo: "Ndugu yangu, una vitanzi viwili vinagombea kikapu kimoja." Kitanzi cha kwanza kilisoma 7, kitanzi cha pili kikasoma 7 ileile kabla cha kwanza hakijaandika, kila kimoja kikajumlisha moja, na vyote viwili vikaandika 8. Kengele mbili zimelia, imehesabiwa moja. Dawa yake ni kuiweka hesabu ndani ya VI ndogo moja (VI ni jina la programu ya LabVIEW, na ndogo ni ile inayoitwa ndani ya nyingine) yenye rejista ya kuhamishia thamani, yaani inayokumbuka thamani ya mzunguko uliopita, ili kitanzi kimoja kikiitumia kingine kisubiri zamu yake.

Video yoyote kati ya zile nilizokuwa nimeangalia isingeweza kunionyesha kosa hilo, kwa sababu video haiuoni mchoro wangu. Tangu siku ile nina kipimo kimoja cha kupimia mafunzo yoyote ya uandishi wa programu kwa michoro, yawe ya bure au ya kulipia: je, kuna mtu atakayekaa na kuusoma mchoro wangu?

Kwa kipimo hicho, nianze na vilivyomo ndani ya LabVIEW yenyewe, ambavyo wengi huviruka wakakimbilia kwingine. Ukibonyeza Ctrl na H, dirisha dogo la msaada linafunguka na kukueleza kila kisanduku unachokipitishia kishale, pamoja na waya gani unaingia wapi. Katika menyu ya msaada kuna kitafuta mifano chenye mifano mingi inayoendeshwa papo hapo, na nashauri usiifungue kwa kutazama tu: chukua mfano mmoja, uhifadhi kwa jina jingine, uondoe waya mmoja, kisha ujieleze kwa sauti kwa nini umevunjika. Halafu kuna kitufe cha taa juu ya mchoro. Ukikiwasha, programu hutembea polepole na unaona nukta zikisafiri ndani ya waya kutoka kisanduku hadi kisanduku. Mpwa wangu alipokiwasha kwa mara ya kwanza alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe kile cha kulia ndicho kilichotangulia." Hapo ndipo nilipojua kwamba ameanza. Kitufe hicho hakiwezi kuchukua nafasi ya mwalimu, lakini ndicho kitu cha karibu zaidi na mwalimu kinachopatikana usiku wa manane ukiwa peke yako.

Programu yenyewe inapatikana bila malipo katika toleo la jamii, LabVIEW Community Edition, lililotolewa mwaka 2020. Masharti yake yasomwe kwa makini: ni kwa matumizi yasiyo ya biashara, na si ya kufundishia au kufanyia utafiti chuoni. Mwanafunzi anayeitumia nyumbani kwa mradi wake binafsi yuko salama. Anayetaka kuitumia kwa kazi ya mteja anatakiwa kununua leseni. Linakuja na vifaa vya kuunganisha Arduino na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kwa hiyo kipimo cha matangi nilichokieleza hapo juu kinaweza kujengwa chote kwa toleo hilo. Faili la kusakinishia ni la gigabaiti kadhaa. Kwa wanaotegemea bando, pakueni mara moja faili linalosakinishwa bila intaneti, kisha mpeane kwenye diski. Kila mmoja atahitaji tu kufungua akaunti yake ili kuamilisha.

Mafunzo rasmi ya kampuni yamepangwa katika ngazi tatu: Core 1, Core 2 na Core 3. Ya kwanza inafundisha mtiririko wa data, vitanzi, safu na mafungu ya data, na inaishia kwenye mashine ya hali, ambayo ni muundo wa programu unaojua uko kwenye hatua gani na uende hatua gani baadaye. Ya pili inaingia kwenye vitanzi vinavyofanya kazi sambamba na namna ya kupitishiana data bila kugombea kikapu. Ningekuwa nimeisoma mapema, daftari la baba mdogo lisingenishinda. Ya tatu ni ya kupanga na kujaribu programu kubwa. Zinafundishwa darasani na pia kwa njia ya mtandao kwa kasi yako mwenyewe. Za darasani ni ghali kwa kipato cha fundi wa kwetu, na sitamshauri mtu akope ili azisome. Lakini kama mwajiri wako tayari amelipia leseni yenye huduma ya matunzo, ulizeni kama inawapa masomo ya mtandaoni. Nimewahi kukutana na ofisi zilizokuwa na haki hiyo na hakuna aliyewahi kuifungua.

Baada ya kozi kuna vyeti, navyo ni vitatu: CLAD cha ngazi ya kuanzia, CLD cha mtengenezaji wa programu na CLA cha msanifu wa mifumo. CLAD ni mtihani wa maswali 40 ya kuchagua kwa saa moja. Unapima kama unaweza kusoma mchoro, jambo jema, lakini haupimi kama unaweza kuuchora. CLD ni tofauti kabisa. Unapewa saa 4 na maelezo ya mfumo, kwa mfano mashine ya kuoshea magari, mashine ya kutolea fedha au kidhibiti cha boila, nawe unaujenga mfumo huo kuanzia ukurasa mtupu. Msahihishaji haangalii tu kama unafanya kazi. Anaangalia pia mtindo wa mchoro na maelezo uliyoyaandika ndani yake. Waya ziwe zinakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, zisipite chini ya visanduku, mchoro utoshee kwenye skrini moja, makosa yabebwe na waya wake hadi mwisho. Ndiyo maana nawaambia hata wasiokusudia kufanya mtihani huo wachukue maswali ya mfano, wajifungie saa 4 Jumamosi moja, kisha wampe mtu mwingine asahihishe. Ni mazoezi bora kuliko yote ninayoyajua, na hayana gharama.

Lazima niseme pia kuhusu mafunzo ya siku chache yanayotangazwa mijini. Niliwahi kulipia mafunzo ya siku 5 Dar es Salaam, wakati ule ambapo kutoka Dodoma ilikuwa basi na kutwa nzima ya barabara, si treni ya SGR kama sasa. Tulikuwa watu kumi na wanne kwenye kompyuta sita, na leseni ya mbili kati ya hizo ilikuwa imekwisha muda. Mkufunzi alisoma slaidi kuanzia asubuhi hadi jioni. Siku ya tatu nilimwomba auangalie mchoro wangu wa matangi, naye akanijibu kwamba ratiba haina nafasi hiyo. Nilirudi na cheti cha kuhudhuria. Sina haja ya kuwataja, na sidhani walikuwa na nia mbaya. Ila nimejifunza kuuliza maswali matatu kabla ya kulipa: kila mshiriki ana kompyuta yake? Kuna kifaa halisi cha kupima mezani? Mkufunzi atasahihisha kazi ya kila mtu kwa saa ngapi? Anayejibu la tatu kwa kusitasita, bakini na fedha zenu.

Vyuo vyetu vina nafasi yake. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki nzima ya informatiki; Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo cha Ufundi Arusha vina mila ndefu ya kufundisha ufundi kwa mikono; VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inawafikia ambao hawakupita njia ya chuo kikuu. Ushauri wangu kwa mwanafunzi ni kutosubiri somo lenye jina la LabVIEW kwenye ratiba. Somo la vipimo, la elektroniki au la udhibiti linatosha kukupa mradi, na mhadhiri anayekusimamia, hata kama haijui G, anajua kipimo kinatakiwa kusema nini. Mtu anayejua kwamba joto la tangi haliwezi kuruka nyuzi 12 kwa sekunde moja atalikamata kosa lako haraka kuliko mtaalamu wa michoro asiyejua tangi.

Niongeze neno kwa wanaotafuta kazi viwandani na kwenye mitambo ya maji. Huko mara nyingi hamtakutana na LabVIEW bali na PLC, kompyuta za kuendeshea mitambo, ambazo nazo huandikiwa programu kwa michoro: ngazi, yaani mistari iliyopangwa kama vidato, na vitalu vya kazi. Kiwango cha kimataifa IEC 61131-3, kilichotolewa kwanza mwaka 1993, ndicho kilichoziweka pamoja lugha hizo, na fundi umeme aliyezoea kusoma michoro ya kontakta na rilei huielewa ngazi kwa siku mbili tatu. CODESYS, programu ya kuandikia PLC, hupakuliwa bure na ina sehemu ya kuigiza, kwa hiyo unaweza kujifunza bila kununua PLC. Node-RED, programu nyingine ya kuunganisha visanduku kwa waya iliyoanzia IBM mwaka 2013, ni ya bure na wazi, inafaa sana kwa anayetaka kukusanya vipimo kutoka mashambani na kuvipeleka kwenye simu. Na kama una mtoto nyumbani, Scratch ya MIT, ya kuwafundishia watoto kuandika programu kwa bloku, inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, jambo linalonifurahisha kila ninapoliona, ingawa bloku zake hufuatana moja baada ya nyingine na si mtiririko wa data.

Kwa mpwa wangu tumekubaliana hivi. Amefuta video zote isipokuwa nne. Nimempa vile vihisi viwili vya zamani na ile Arduino, na kazi yake ya kwanza ni kupima joto la maji ya ndoo mbili, moja juani na moja kivulini, kwa saa 6, na kuhifadhi vipimo kwenye faili. Kila Jumamosi saa 4 asubuhi anakuja na wenzake wawili, tunaweka mchoro wa mmoja ukutani kwa projekta niliyoazima, na mwenye mchoro haruhusiwi kusema lolote kwa dakika 10 za kwanza. Wengine ndio wanaoeleza wanachokiona programu inafanya. Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yake. Wenzake walieleza vizuri mpaka walipofika kwenye kuhifadhi faili, wakasema faili linafunguliwa na kufungwa upya kila kitanzi kinapozunguka. Alinyamaza kama kanuni inavyotaka, akausoma waya kwa kidole kutoka mwisho hadi mwanzo, na kabla dakika 10 hazijaisha alikuwa ameanza kukiburuta kisanduku cha kufungua faili kwenda nje ya kitanzi.